MSIUZE CHUPA KWA JINA LA MTUME (S.A.W.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu Waislamu, leo naomba niseme wazi, na atakayekasirika anisamehe. Hapa Kampala, ukitoka swala ya Ijumaa hukosi kukuta meza yenye chupa za habasoda, asali na manjano. Kununua habasoda si tatizo. Tatizo ni maneno yanayouzwa pamoja na chupa: kwamba "wazungu wamethibitisha" mafuta hayo yanarudisha mifupa ya wazee, na kwamba mwenye shaka anamkadhibisha Mtume (S.A.W.). Madai yote mawili hayasimami.

Tuanze na sayansi. Mfupa ulio hai hujengwa na kubomolewa kila siku. Zipo seli zinazojenga, na zipo zinazomomonyoa, ziitwazo osteoklasti. Hizi za pili hukomaa zikipata ishara ya protini iitwayo RANKL. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, osteoklasti huzidi, mfupa hudhoofika. Ndipo jajja anateleza bafuni na nyonga inavunjika.

Mwaka 2004 watafiti wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba kurkumini ya manjano inazuia ishara hiyo ndani ya seli. Mwaka 2015 watafiti wa India (wala si wazungu!) walionyesha kwamba thaimokwinoni, kiini cha habasoda, nayo inazuia osteoklasti, katika seli za maabara na katika panya. Alhamdulillah, ni habari njema. Lakini seli ya maabara humwagiwa dawa moja kwa moja, na nyonga ya jajja haimwagiwi. Kurkumini ukiimeza, ni kidogo mno inayofika katika damu.

Tazameni soya. Kiini chake, jenisteini, nacho kilisifiwa maabara. Mwaka 2007 utafiti wa Italia kwa wanawake 389 ulionyesha mifupa iliongezeka uzito. Mwaka 2011 utafiti wa Miami kwa wanawake 248, uliopima viini vya soya kwa miaka miwili, haukuona faida yoyote. Kama soya iliyopimwa kwa mamia ya watu bado ina mabishano, vipi chupa ambayo haijathibitishwa kwa watu inauzwa kwa kiapo?

Sasa dini. Hadith ya habasoda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na tunaiamini. Lakini Imam al-Khattabi, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahsusi. Je, naye alimkadhibisha Mtume (S.A.W.)? Na imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara. Mbona hadith hiyo haisomwi pale mezani?

Na madhara yapo! Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya Artri King, iliyouzwa kama lishe ya kutuliza maumivu ya viungo. Ndani yake walikuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu humomonyoa mfupa. Yaani mtu ananunua dawa ya mifupa, naye analipia kuvunjika kwake.

Mtaniambia hospitali ni ghali. Ni kweli. Lakini chupa hizo nazo si bure, na fedha hiyo hiyo ingenunua mukene, ambaye huliwa na mifupa yake, maziwa, dodo na simsim. Kutembea kila siku ni bure, na jua la Kampala ni bure. Mama anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu, au dawa za virusi zenye tenofovia, amuulize daktari kuhusu mifupa yake. Asiache dawa kwa sababu ya habasoda.

Maimamu wetu, meza ile iko mlangoni kwenu. Kabla ya kuiruhusu ulizeni: chupa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa? Aliyeichanganya ni nani? Akiumia mtu, nani atajibu?

Nanyi wanafunzi wa Makerere na IUIU, mkisikia "utafiti umethibitisha", ulizeni: kwa seli, kwa panya, au kwa watu? Kisha mkaufanye huo utafiti wenyewe. Habasoda inastahili kupimwa kwa haki. Kuipa sifa isiyothibitishwa si kuitukuza Sunna, ni kuifanya ichekwe siku jajja atakapovunjika.

Allah atupe elimu yenye manufaa na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.