Tuzo ya filamu fupi ifike hadi Mikumi

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Asha Mkude

Usiku wa tuzo za filamu una desturi yake. Filamu fupi hutajwa mapema, watu wangali wanatafuta viti, na mshindi anashuka jukwaani kabla mgeni rasmi hajafungua chupa ya maji. Wanaosubiriwa ni msanii bora na filamu bora, maana huko ndiko kwenye majina.

Kwangu mimi, kundi hilo la mwanzo ndilo la kukodolewa macho. Filamu ndefu inataka mdhamini. Filamu ya dakika 10 kijana wa Kimamba, wilayani Kilosa, anaimudu: kamera ya kuazima, nyumba ya mjomba ndiyo lokesheni, na shangazi anacheza mama mkwe bila malipo (mara nyingi ndiye anayewafunika wote). Waandaaji wa Oscar wanaikubali kuwa fupi mradi isizidi dakika 40. Wanuri Kahiu wa Kenya hakuzihitaji zote. “Pumzi” yake ya mwaka 2009 ni ya dakika ishirini na kitu, na ilimfungulia milango. Hapa kwetu Amil Shivji alianza na filamu fupi “Shoeshine” na “Samaki Mchangani”, ndipo zikaja “T-Junction” iliyofungua tamasha la filamu la Zanzibar (ZIFF) mwaka 2017 na “Vuta N’Kuvute” iliyofika Toronto mwaka 2021.

Na visa vya dakika 10 wilaya ya Kilosa inavyo tele. Mafuriko ya Mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalisomba reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Ugomvi wa wakulima na wafugaji umezika watu. Tangu 2024 treni ya mwendokasi inapita Kilosa, na kila familia ina mtu wa kuisimulia. Kule Mikumi, barabara kuu ya Iringa na Zambia inakata hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Dereva wa lori anamgonga mnyama saa nane usiku, anajua faini inamsubiri, utingo anamtazama, hakuna shahidi mwingine. Asimame au akanyage mafuta? Filamu hiyo haihitaji hata mwanga mwingi.

Tabu ni kwamba ikishinda, wataiona wengine. ZIFF, inayofanyika tangu 1998 na kutoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu, iliwahi kuutoka Mji Mkongwe na kupeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Bodi ya Filamu nayo ilifanya vyema kupeleka tamasha lake la tuzo Mbeya mwaka 2021, kisha Arusha mwaka uliofuata. Waliotoka Dar kwenda Mbeya kwa barabara walipita Mikumi. Walikula, wakaendelea na safari.

Wazee wetu walikuwa na gari la sinema. Lilifika, likafunga shuka jeupe, na kijiji kizima kikakaa chini. Zama hizo, mwaka 1952, Rashidi Kawawa aliigiza katika “Muhogo Mchungu”, miaka kumi kabla hajawa Waziri Mkuu. Gari halipo tena, ila kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mpira na video, kipo. Ingia kimoja pale Mikumi siku ya mechi: mabenchi yamebanana, pazia zito limening’inia mlangoni, ratiba imeandikwa kwa chaki, madereva wa malori wanabishania kikosi. Watu wamelipa na wamekaa, wanasubiri mpira uanze. Hao ndio watazamaji ambao tuzo zetu haziwajui.

Kwa hiyo nasema tuzo ya filamu fupi isiishie kwenye sanamu na hundi ya plastiki. Mshindi alipiwe maonyesho: filamu yake iingie vibandani robo saa kabla ya mechi, mwenye kibanda apewe chochote, na mtengenezaji asimame mbele ajibu maswali. Atakutana na jopo kali kuliko lile la ukumbini. Likichoka, litamwambia azime.

Bodi ya Filamu isingoje bajeti mpya. Ichukue filamu fupi zilizoshinda mwaka huu, izitie kwenye flashi, na imwandikie barua afisa utamaduni wa Kilosa wiki hii.