Mwili, Ngoma na Jicho la Kamera

Wako wasomi wasemao kuwa mwili wa mwanadamu ulipata mamlaka juu ya sauti siku ile mashine ilipojifunza kuutazama. Husimulia jinsi Leon Theremin, Mrusi, alivyobuni karibu na mwaka 1920 ala ipigwayo bila kuguswa, mikono ikipita hewani tu. Na jinsi David Rokeby wa Kanada, katika miaka ya 1980, alivyomwelekezea mtu kamera, kompyuta ikapima jongeo lake na kuligeuza sauti papo hapo. Habari hizi ni za kweli, na werevu wa watu hao wastahili sifa. Lakini hukumu itolewayo juu yake ni batili.

Msomi huyo na asimame Kisorya, wilayani Bunda, kiendapo kivuko cha Ukerewe, aelekeze uso kusini, ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Huko ni Usukumani, ambako vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na mshindi ni yule avutaye umati mkubwa. Mchezaji akiinama, mpigaji humfuata; akitikisa bega, ngoma hujibu. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe na mapigo hupanda na kushuka pamoja. Je, hapo mwili hauamuru sauti?

Yamkini atajibu kwamba mpigaji ni mtu, wala si chombo. Jibu hilo ndilo limwangushalo. Kamera huona jongeo, haioni nia: mkono wa mlevi na mkono wa fundi, vikipita mahali pamoja kwa mwendo mmoja, kwake ni sawa. Hutii, wala haijui kukataa. Mpigaji hupima, huonya, na pengine humshurutisha mchezaji kufanya asilolidhania. Utii si ushirikiano.

Haisemwi kwamba mashine itupwe. Asiye na mpigaji na aitumie; na mgonjwa asiyeweza kushika ala na apate sauti kwa kutikisa kichwa. Kinachopingwa ni kuwafundisha vijana kwamba jambo hili limeanza ng'ambo, nao ni wageni kwalo. Mwanafunzi na akae kwanza miguuni pa mpigaji, kisha aiendee kamera akijua la kuidai. Mcheza kwao hutunzwa. Kamera hutazama tu, haijui kutunza.