Mapatano ya Vyama Pasipo Wingi wa Viti

Ndugu wanachama, twasikia wengine wakisema ya kuwa serikali isiyo na wajumbe wengi barazani si serikali, na kwamba kupatana na wapinzani ni kuuza kura za watu. Sisi hatukubali. Kupatana si aibu. La kuulizwa ni wakati wa kupatana, na nani ameachwa nje.

Na tutazame Unguja na Pemba. Mwezi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu! Basi wale watatu wakawa kama mwenye ngalawa ya pekee mtoni: kila msafiri hana budi kwenda kwake. Lakini wenyewe hawakuwa wamekata shauri kabla ya kura, wakagawanyika. Wawili, Bwana Mohamed Shamte akiwa mmoja wao, wakafuata Hizbu. Wa tatu akafuata Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, mizani ikasimama. Ikawekwa serikali ya muda, kiti kimoja kikaongezwa, na watu wakarudia kura mwezi wa Juni.

Safari ile Hizbu na ZPPP waliagana mapema. Viti vikawa 10, 10 na 3, nao wakatawala, na mapatano yao hayakuvunjika. Lakini nusu ya watu ilibaki nje ya mlango, na watu 68 walikufa katika machafuko ya uchaguzi ule. Tena mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, bali viti 13 tu katika 31. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Hesabu ya viti ilikuwa sahihi kabisa, na haikuokoa kitu.

Hapa kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, nao hufuatwa kwa upande wa mama. Mgeni atakaye kulima huenda kwa mkubwa wa ukoo, hupatana naye, hutoa ngoto yake, ndipo ashike jembe. Hatujasikia mtu mwenye akili akingoja mahindi yaive ndipo aulize masharti. Na amri pasipo mapatano twaijua pia: matuta ya kulazimishwa yalileta ghasia Matombo mwaka 1955, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa.

Wazanzibari walijaribu njia nyingine baadaye. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa, na kama theluthi mbili wakakubali ya kwamba chama cha pili kipate Makamu wa Kwanza wa Rais. Waliulizwa kabla ya uchaguzi, si baada yake. Njia hiyo nayo ilikatika mwaka 2016, ikaungwa tena Desemba 2020. Hatusemi ni dawa ya kila ugonjwa.

Bara wengi hudhani hayo hayatuhusu. Katiba ya 1977 yasema kwamba kama hakuna chama chenye wabunge wengi zaidi, Waziri Mkuu awe mbunge aelekeaye kuungwa mkono na walio wengi. Basi sheria imekwisha kuliona jambo hili, ila vyama havijatuambia vitafanya nini siku hiyo. Nasi makarani ndio tutakaoandika barua za serikali hiyo, na kuulizwa dirishani na raia ni nani aliyeamuru.

Kwa hiyo twataka kila chama kipige chapa masharti yake kabla ya kura: kitapatana na nani, kwa jambo gani, na yule atakayeshindwa atapewa nafasi gani. Karatasi hiyo ibandikwe penye mbao za matangazo mpaka kule milimani. Wanachama wa Matombo, Mgeta na Kinole wenye shauri jingine na wamletee Mwandishi wa Chama kabla ya mkutano ujao.