Kihamba Kisiuzwe Gizani

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kutoka Machame hadi Marangu, kihamba si migomba na kahawa tu. Ndimo yalimo makaburi ya wazee. Leo ardhi ni haba, na dalali wa Moshi mjini hakosi mnunuzi. Hapo ndipo dhulma hupenya: kaka mmoja hutia saini peke yake, na mjane na mabinti hupata habari migomba inapofyekwa.

Ndugu Waislamu, mila ya kuwarithisha wana wa kiume pekee haifuti hukumu ya Mwenyezi Mungu. Surat An-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanawake fungu lao, mali iwe kidogo au nyingi. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ndoa ya mwaka 1971, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Basi kabla ya kuuza, madeni ya marehemu yalipwe, kisha mirathi igawanywe. Mnunuzi naye aulize: je, warithi wote wameridhia? Mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi, kwani Surat Al-Baqara, aya ya 282, imehimiza maandishi na ushahidi. Kiwanja cha bei nafuu kilichotokana na haki ya yatima kitakuwa ghali mno Siku ya Kiyama.