Panya wa maabara wana sheria. Je, anayewalisha?

Kila siku, hata Jumapili na sikukuu ya Idi, kuna mtu anayedamka alfajiri Mbagala au Tandika, wilayani Temeke, akapanda daladala kwenda kulisha panya weupe na sungura wa maabara ya chuo kikuu. Hubadilisha maranda, huosha vizimba, hujaza maji, huangalia joto la chumba na kuandika daftarini kila alichokiona. Ni ajira ya ngazi ya chini katika utafiti, lakini utafiti wenyewe unaitegemea.

Kwa nini ni muhimu?

Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, ipo Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza dawa za mimea. Kwa kawaida, dawa mpya hupimwa kwa wanyama kabla ya kujaribiwa kwa binadamu. Panya aliyelala na kiu au aliyezidiwa na joto hutoa majibu yasiyoaminika.

Mwongozo unaotumika sana kimataifa unataka chumba cha panya kiwe na nyuzi joto 20 hadi 26. Dar es Salaam hupita 30 mchana kwa miezi mingi. Umeme ukikatika usiku, kama ilivyokuwa wakati wa mgao wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, anayekuta madhara asubuhi si profesa, ni mtunza wanyama.

Sheria zinasemaje?

Wanyama wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, inayogusa pia matumizi yao katika utafiti. Mfanyakazi ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya sikukuu ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Kibarua wa mradi asiye na mkataba wa maandishi wala rejista ya mahudhurio atathibitishaje kwamba alikuwa kazini siku ya Krismasi?

Hatari isiyoonekana

Kung'atwa huonekana papo hapo. Mzio unaotokana na mkojo na manyoya ya panya huja taratibu: chafya, macho kuwasha, na kwa wengine hatimaye pumu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi, ila bila kumbukumbu za ajira na vipimo vya afya vya tangu mwanzo, madai huwa magumu kuthibitisha.

Kamati za maadili huuliza, kabla ya kuidhinisha utafiti, mnyama atatunzwaje. Swali la pili halina gharama kubwa kuliongeza: nani atamtunza, kwa mkataba upi, na akiwa na barakoa na glavu?