Ndoo Zile Zimekwenda Wapi?

Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Tanzania, mwenendo wetu uligeuka kwa siku chache tu. Milangoni mwa maduka, benki, misikiti, makanisa na kwenye vituo vya daladala palisimama ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Watu waliacha kupeana mikono. Leo ndoo hizo nyingi zimegeuzwa za kuwekea unga, na zilizobaki mahali pake ni kavu, koki imevunjika.

Hilo linanisikitisha, maana maradhi ya kuhara hayakutuaga. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani, hata Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka ule na kuamuru siku hiyo iwe ya usafi. Tulishika mafagio nchi nzima, tukazoa taka, tukazibua mitaro. Hofu ilipotulia, nasi tukatulia.

Ubaya wa kipindupindu ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaugui sana, na wengine hawajisikii lolote, huku vimelea vikitoka katika choo chao kwa siku 1 hadi 10. Anayengoja kusikia habari za wagonjwa ndipo anawe amekwisha chelewa. Mkono wa jirani yako mzima, mcheshi, asiyelalamika hata tumbo, waweza kuuleta ugonjwa mezani pako.

Tazameni misiba na harusi zetu. Mahali pengi hupitishwa bakuli moja la maji. Wa kwanza ananawa, wa pili ananawa humo humo, na wa kumi anachovya vidole katika uchafu wa tisa waliomtangulia. Kisha wote wanaingiza mikono katika sinia moja la pilau. Huko si kunawa, ni kugawana uchafu. Wazee wa pwani walituachia birika na beseni: kijana anapita akimimina, maji machafu yanaangukia chini, kila mgeni anapata yaliyo safi. Kwa nini tunaiacha desturi njema namna hii?

Najua nitaambiwa maji hakuna. Ni kweli, na Serikali ina deni kubwa hapa. Mama anayenunua maji kwa dumu hana uwezo sawa na mwenye bomba uani. Lakini kibuyu chirizi, kidumu chenye tundu kinachoning'inizwa karibu na choo na kuinamishwa kwa kamba ya mguuni, hutumia maji kidogo mno, na hakihitaji fundi.

Basi nawasihi, walimu wakuu, wenye migahawa, mama lishe, viongozi wa dini: zijazeni tena ndoo zenu, na sabuni iwepo. Nawe mwenye shughuli Jumamosi hii, andaa birika na beseni mapema, umteue kijana wa kumimina, na wala usione haya kumzuia mgeni anayekimbilia sinia kabla hajanawa.