Msandali Hauna Haraka



Likizo ya Agosti nilikuwa kwetu Taita. Siku moja nilipanda mlimani na mjomba kumtafuta mbuzi aliyepotea. Mbuzi hatukumwona, lakini mashimo tuliyaona, wala si moja wala mawili. Misandali ilikuwa imeng'olewa pamoja na mizizi. Kando ya shimo moja walikuwa wameacha kijiti chembamba kama mkono wangu. Mjomba akakiokota, akakinusa, akasema, "Huyu wamemuua bure. Alikuwa bado mtoto."

Neno hilo "mtoto" ndilo lililonishikisha kalamu. Wengi wetu, hata humu shuleni, hudhani kwamba mti wa manukato hunukia kote na wakati wote, kama muwa ulivyo na utamu. Sivyo hata kidogo! Mafuta ya msandali yamo katika moyo wa mti, ile sehemu ya ndani iliyokolea rangi, na katika mizizi. Mti mchanga haujajenga moyo huo. Usage, uupitishie mvuke mtamboni, utaambulia nini? Moyo hujengeka polepole, mwaka baada ya mwaka, na msandali wenyewe huota penye mawe na ukame. Hauna haraka.

Isitoshe, msandali ni mdoezi. Mizizi yake huishikilia mizizi ya miti jirani na kunyonya maji na chakula humo. Basi ukifyeka vichaka vyote ukachoma makaa, umeunyima na msandali riziki. Tena kuna miti ya kiume na ya kike. Wachimbaji husaka zaidi ile ya kike wakiamini ndiyo yenye mafuta mengi. Ya kike ikiisha, mbegu zitatoka wapi?

Mwenzangu bwenini aliniuliza, "Mbona mikaratusi na mikarafuu inavunwa na hupigi kelele?" Swali zuri. Mkaratusi hukamuliwa majani, na matawi yakachipuka tena. Karafuu za Pemba huchumwa kabla ua halijafunguka. Mchumaji akichelewa, ubora unashuka, lakini mwakani mti upo pale pale. Msandali ukishang'olewa, kwisha.

Najua sheria ipo. Mwaka wa 2007 Rais Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake, na 2013 mti huu ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata hivyo malori yameendelea kunaswa na shehena. Maoni yangu ni kwamba askari peke yao hawatoshi. Kijana anayechimba usiku hulipwa kwa uzito, hajui wala hajali kama ndani mna mafuta. Nani amewahi kumweleza?

Nilipopendekeza tupande misandali nyuma ya bweni, pamoja na vichaka vya kuilisha, wenzangu waliangua kicheko. "Ngoja ngoja huumiza matumbo! Ikikomaa sisi tutakuwa wazee." Sawa, tutakuwa wazee. Kwani wazee hawahitaji pesa?

Mjomba ameniotesha miche miwili. Mwenye jembe na anitafute Jumamosi, baada ya usafi.